Taa ya Kijani Uliyoiwasha kwa Waya

Mjomba,

Barua ya mpwa kwa mjomba wake huanza na shikamoo. Hii haina, usiitafute. Shikamoo yako nimeiweka kando, na mwishoni nitakuambia utaipataje. Barua yenyewe nimeibandika kwenye mlango wa karakana yetu hapa Makambako, pale pale ulipokuwa ukitundika koti lako. Nakala ya pili iko kijijini, kwenye ubao wa kanisa, karibu na matangazo ya ndoa. Ya tatu inashuka Manda, ziwani, na lori la mahindi. Wewe utakuwa mtu wa mwisho kuisoma. Ulipomsema Eliudi ulimsema mbele ya watu, umevaa suti, umeshika kipaza sauti. Na mimi nakujibu mbele ya watu.

Watasoma na wasiotujua, kwa hiyo acha nikukumbushe wewe ili wao wasikie. Wewe ni mdogo wake mama. Baba alipofariki mimi nilikuwa darasa la tatu na mdogo wangu Eliudi hajaanza shule. Ulikuja na begi moja la nguo, ukakaa kwenye kigoda jikoni kwa bibi, ukasema, "Hawa sasa ni wangu." Sikatai hata neno moja. Ulitulea. Ulitufundisha kushika jembe, bisibisi na adabu. Ukiniita, uliniita "mjomba" vilevile, kama wajomba wote wanavyowarudishia wapwa zao, nami nilijiona mtu mzima. Ndiyo maana hasira hii haiishi. Angekuwa mtu baki ningemshtaki nikaendelea na kazi zangu. Wewe nilikuwa nakupenda, Mjomba, na hilo ndilo silisamehe.

Unakumbuka kisima cha bibi? Mwezi wa saba, kijiji kizima kimejikunyata, ukiongea mvuke unatoka mdomoni. Maji yalikuwa yamekwenda chini na wewe ulitaka kukichimba zaidi. Kabla hujashuka ulichukua koroboi la bibi, ukaliwasha, ukalifunga kamba, ukaliteremsha taratibu. Mimi na Eliudi tulilala kifudifudi ukingoni, tunachungulia ule moto mdogo unavyokwenda chini, chini, chini, mpaka ukawa kama jicho la paka.

"Koroboi likizimika huko chini, na mtu akishuka anazimika," ulituambia.

Eliudi, na kile kiherehere chake, akakuuliza, "Na lisipozimika?"

"Lisipozimika, shuka. Hewa ni nzuri."

Alilishika neno lile. Kuanzia siku ile akawa anateremsha koroboi kila mahali: kwenye shimo la taka, kwenye handaki la viazi, mpaka siku moja kwenye pipa la bibi la maji, bibi akamkimbiza na mwiko. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ulimtetea ukasema, "Mwache, huyu ana akili ya fundi." Mimi nilikuwepo, na mimi ndiye niliyeona wivu.

Halafu tukahamia Makambako, ukafungua karakana ya kusuka upya mota zilizoungua. Upepo wa Makambako unaujua wewe, unaingia mpaka kwenye mifupa. Tulikuwa na jiko la mkaa chini ya meza, na hata siku ya baridi ya kuua hukuruhusu mlango ufungwe. "Mlango wazi!" Ulikuwa unapiga kelele hata kwa wateja. "Mkaa haubishi hodi!" Tulikunywa chai ya rangi na viazi vya kuchemsha, migongo inaganda, magoti yanaungua, mlango wazi. Kwa hiyo usije ukamwambia mtu kwamba hukujua hewa inaua. Ulijua kabla yangu. Wewe ndiye uliyenijulisha.

Na ulinifundisha neno jingine, nilipokuwa nafunga swichi ya kwanza ya kujizima yenyewe kwenye mashine ya kukoboa. Nilikuuliza kwa nini tusimwache mwenye mashine aizime kwa mkono. Ukacheka. "Mtu anabembelezwa," ulisema. "Anaambiwa ngoja kidogo, bosi anakuja, mzigo umechelewa, naye anakubali. Mashine haibembelezwi." Nililiandika neno lile kwenye jalada la daftari langu, nikaenda nalo chuo cha ufundi, nikarudi nalo. Kila nilichokijenga baadaye kilitoka kwenye neno lile. Na wewe ndiye uliyekuja kuibembeleza mashine yangu kwa waya.

Sasa nisimulie boksi, maana hapo ndipo ulipoanza kudanganya.

Tajiri mmoja wa mahindi alikuja karakanani akiwa na shida. Boti yake ya mizigo ilikuwa inapakia Manda, inazunguka vijiji vya ziwani. Watu wake wawili walizirai ndani ya tumbo la boti wakipanga magunia, wakatolewa kwa kuvutwa miguu. Mimi nilijua sababu kabla hajamaliza kusimulia. Sisi watu wa huku juu na mahindi yetu hatuna subira. Vidonge vya kuulia wadudu vinatumbukizwa kwenye magunia asubuhi, turubai linafunikwa, mchana lori limeng'oka linateremka Ludewa. "Vitafanya kazi njiani." Tunasema hivyo wote, hata mimi nimewahi kusema. Kumbe vidonge vile vinatoa hewa ya sumu siku kadhaa, na mzigo ukifika Manda unashushwa kwenye tumbo la boti, kifuniko kinafungwa, na chumba cha mabaharia kiko pale pale, ukuta wa mbao katikati.

Nikatengeneza boksi. Ndani ya tumbo niliweka sensa mbili: moja inapima kama hewa ya kumtosha mtu ipo, ya pili inanusa ile sumu ya vidonge. Mojawapo ikikataa, boksi lenyewe linawasha feni, linapiga honi, taa inakuwa nyekundu, na kifuniko cha tumbo kinajifunga, hakifunguki hata ukivute na punda. Hewa ikisafika, kijani. Hakuna mtu wa kubonyeza chochote. Swichi ya kuzima haipo, na haipo kwa makusudi, kwa sababu ya lile neno lako.

Siku tunakabidhi kazi, tajiri aliuliza nani kabuni. Ukaniwahi. "Hiki kitu nimekitoa kichwani kwangu," ulisema, "huyu binti ananishikia bisibisi tu." Loo! Nilikuangalia, ukaangalia pembeni. Nikakusanya bisibisi zangu. Ningekuumbuaje mjomba wangu mbele ya mteja? Nikasema moyoni, potelea mbali, damu ni damu. Na kwa sababu ile ile ya kukutunzia heshima, sikukuita hata siku moja nikakuambia, Mjomba, kaa hapa, hii sensa ya pili inafanya kazi hivi. Mpwa hamfundishi mjomba. Kosa langu katika habari hii ni hilo moja, nimelikiri kwa mama, na nalikiri hapa. Hayo mengine yote ni yako.

Eliudi akaajiriwa kwenye boti ile ile. Alifurahi, unakumbuka? Alikuja kuaga amevaa fulana mpya, akasema anakwenda kuishi na mashine ya dada yake. Ulimcheka, ukamwambia mtu wa mlimani ataogopa maji. Akakujibu, "Nitateremsha koroboi kwanza, Mjomba." Tukacheka sote watatu. Ile ndiyo mara ya mwisho tulipocheka sote watatu.

Yaliyotokea Manda sikuyaona. Nimeyapata kwa Haule, baharia mwenzake Eliudi, mtu wa kule kule Ludewa, naye sikumlazimisha. Alisema safari moja ya mwezi wa nane honi ililia tangu mzigo unaingia, ikalia siku nzima, na kifuniko kikakataa kufunguka. Nahodha akakasirika. Watu wa ufukweni wakawa wanacheka, wanaita boti ile "bi harusi" kwa vile inapiga vigelegele. Hakuna aliyesikia harufu ya ajabu, maana ufukwe mzima unanuka dagaa. Wakaamua mashine imeharibika. Tajiri akampigia simu fundi aliyeibuni. Akakupigia wewe.

Nilikuwa karakanani siku ile, Mjomba. Nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka ulipokuwa unaongea na simu, nasuka mota ya pampu. Ungegeuka tu. Ungesema, "Mjomba, hili boksi linalia siku nzima, lina nini?" Ningekujibu kabla hujamaliza: halina kitu, linasema kweli, waambie watoke. Neno moja tu, na Eliudi angekuwa anakula ugali leo. Lakini wewe ulishasema ni lako. Na sheria yako ya karakana ilikuwa kwamba fundi hasemi sijui. Ukaniambia unakwenda Njombe kuangalia vifaa, ukapanda basi la Ludewa.

Ulipofika ulifanya nini? Haule kasema. Uliomba koroboi.

Uliliwasha, ukalifunga kamba, ukaliteremsha kwa tundu la feni ndani ya tumbo la boti lenye magunia ya vidonge, na moto ukawaka vizuri kabisa. Ukawageukia ukasema, "Mnaona? Hewa tele. Hii mashine imepata kichaa." Mjomba wangu wewe! Koroboi linajua kama pumzi ipo au haipo. Koroboi halina pua. Moto hauogopi sumu ile, anayeiogopa ni mtu mwenye mapafu. Sensa ya kwanza ilikuwa inakubaliana na koroboi lako, ni ile ya pili iliyokuwa inalia, ile ambayo hukujua hata iko upande gani.

Na Eliudi alikuwa amesimama pale. Haule anasema wengine walikuwa bado wanasitasita, ni Eliudi aliyewatoa wasiwasi. "Koroboi halijazimika," aliwaambia. "Tangu utoto wangu huyu hajawahi kukosea." Ulisikia hayo. Ulimsikia mtoto uliyemlea anakudhamini kwa roho yake, ukafungua boksi langu, ukakata waya wa honi, ukapitisha waya mwingine kutoka kwenye betri moja kwa moja mpaka kwenye taa ya kijani na kwenye kitasa cha kifuniko. Feni nazo zikanyamaza. Ukapewa samaki wa kubeba, ukapanda gari ukarudi Makambako, na samaki wale, uliosema umewanunua Njombe, nikawapika mimi. Nikawala. Nikakwambia ni watamu.

Kesho yake taa ilikuwa ya kijani. Eliudi alifungua kifuniko, akashuka kupanga magunia yaliyoloweshwa na mawimbi. Haule alimwita mara mbili hakuitika, akajifunga kitambaa puani akashuka kumvuta, naye akaanguka kwenye ngazi. Yeye walimwahi. Mpaka leo akipanda mlima mdogo anakaa chini. Jambo la kwanza aliloniambia, nilipomkuta amelala mkekani kwao, lilikuwa hili: "Dada, taa ilikuwa ya kijani. Sisi hatukufanya ujinga, taa ilikuwa ya kijani."

Wewe ndiye uliyerudi Manda kuuleta mwili. Ulilia barabara nzima, wanasema. Naamini. Ulikaa karibu na jeneza kama mjomba anavyokaa, watu wakakupa pole kabla ya kumpa mama. Na kwa kuwa wewe ndiye mwenye hati nzuri na sauti ya kusikika, familia ikakupa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu na kuusoma. Nilikuwa nimemshika mama kiunoni asianguke. Ulisoma alivyozaliwa, ulisoma shule, ulisoma ubatizo na kipaimara, sauti inatetemeka vizuri. Halafu ukafika pale kwenye chanzo cha kifo. Ukasoma kwamba marehemu, akiwa amekunywa ulanzi, aliingia kwenye tumbo la boti bila kufuata maelekezo.

Ulanzi! Mwezi wa nane! Manda!

Mianzi ya ulanzi inagemwa masika, Mjomba, kila mtoto wa Njombe anajua. Na inagemwa huku kwenye baridi, siyo ziwani kwenye joto linaloyeyusha mshumaa. Mwezi wa nane hata hapa kilabuni huupati ulanzi wa kulewesha kuku. Ulikuwa na haraka ya kudanganya hata hukutafuta pombe inayofanana na majira. Kanisa zima lilijua. Nilisikia mabenchi yanalia, watu wanajigeuzageuza, mzee mmoja akakohoa. Hakuna aliyesimama, maana nani anambishia mjomba wa marehemu mbele ya jeneza? Na mimi sikusimama, kwa kuwa nilikuwa namshika mama. Eliudi alizikwa mlevi. Eliudi, ambaye hata togwa ikichacha alikuwa anatema!

Wiki ya tatu nilishuka Manda. Boti ilikuwa imefungwa kwa amri ya kijiji, ufunguo anao mwenyekiti, ndiyo maana ulipofuata mwili hukuweza kuingia kufagia nyayo zako. Nilimwomba mwenyekiti tuingie pamoja. Nilifungua boksi langu nikidhani nitakuta kosa langu. Nilikuwa tayari kukuta kosa langu, nakuapia. Nikakuta waya mwekundu, ncha zimesokotwa mara tatu kuelekea kushoto, zimefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Nani mwingine nchi hii anafunga waya kwa tyubu ya baiskeli, anakata kwa meno, anasokotea kushoto? Ulinifundisha fundo lile nikiwa na miaka kumi na mbili. Nilikaa chini sakafuni, mwenyekiti akadhani nami nimevuta sumu.

Waya ule uko polisi, na maelezo yangu yako polisi, na ya Haule pia. Walipokuja kukuuliza, koti lako halikuwepo mlangoni. Hukumuaga hata mama. Mama bado anakuwekea sahani, ujue. Nilimwambia kila kitu, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi nimefiwa na wawili." Sahani anaiweka vilevile. Mimi nikiiona natamani kuipiga chini.

Sasa sikia, maana hapa ndipo utakapokaa vizuri.

Mwezi uliopita mama mmoja mfanyabiashara aliniita nifunge boksi kwenye boti yake, kule kule ziwani. Baada ya Eliudi wenye boti wanaogopa, nami kazi ninayo kuliko uwezo. Nahodha akanionyesha chumba cha mabaharia, kimepakana na tumbo la mahindi, mbao zimeachana, kidole kinapita. Akasema fundi wao wa injini, mzee mmoja mkimya, amekwenda Mbamba Bay kufuata vipuri, kitanda chake ni kile cha ukutani. Nikaangalia. Juu ya kitanda lilikuwa limetundikwa sweta la kahawia alilolifuma bibi, kiwiko kimetiwa kiraka cha kijani nilichokishona mimi. Na pembeni yake, kwenye msumari, koroboi.

Nilimwambia nahodha aniache nifanye kazi.

Nataka ujue nilichokiwaza, sitakificha. Nilipima pale penye mto wako, sensa ikapiga kelele mkononi mwangu. Kila safari ya mahindi, kichwa chako kinalala kwenye sumu ile ile iliyomuua mdogo wangu, kidogo kidogo, na wewe unaamka unaumwa kichwa unasingizia uzee. Ningefanya nini? Nisingefanya chochote, Mjomba. Hilo ndilo lililokuwa tamu. Ningefunga sensa kwenye tumbo peke yake kama nilivyoagizwa, nikaacha nyufa zile kama zilivyo, nikaondoka. Siku moja safari ingekuwa ndefu, mzigo una vidonge vipya, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mawimbi. Wangekukuta asubuhi. Na mimi ningekuja kuusoma wasifu wako, nimevaa vizuri, nikaandika humo kwamba ulikuwa umekunywa ulanzi. Niliukalia mto wako nikaiwaza ile sentensi mpaka mwisho. Nilitabasamu, Mungu ananiona.

Halafu nikasema, thubutu! Ufe umelala, hujui kitu, watu wakuonee huruma? Ng'o. Hiyo ni zawadi, nami zawadi sina. Nikainuka nikaziba zile nyufa ubao kwa ubao. Nikaweka sensa ya tatu, ambayo hakuna aliyeniagiza, juu ya mto wako hasa. Nikaweka feni ya kuvuta hewa pembeni ya miguu yako. Boksi lenyewe nimelifunga kwa namna nyingine sasa: kifuniko cha boksi kikiguswa, injini ya boti haiwaki mpaka nije mimi. Lete tyubu zako za baiskeli, sokota kushoto, sokota kulia, utashinda ufukweni na abiria wanakuzomea.

Nilimwambia yule mama mwenye boti wewe ni nani kwangu. Akaniuliza kama akufukuze. Nikamwambia asikufukuze. Polisi nimewaambia ulipo, wao wana mwendo wao na mimi nina wangu. Na ukitaka kukimbia, kimbia. Boti ya jirani nimeshaifunga, inayofuata naifunga wiki ijayo, na zilizobaki ziko kwenye foleni. Kwenye ziwa lile lote, popote utakapolala, utalala chini ya kazi yangu.

Jambo moja bado hulijui, na ukisikia wenzako wanalisema usidhani wanatania. Mabaharia wenyewe waliniomba niondoe honi, kwa vile inachanganywa na honi za boti nyingine. Walitaka mtu aseme. Kwa hiyo nimeweka spika ndogo, na sauti niliyorekodi ni yangu mwenyewe, ile sauti uliyokuwa unasema inatoboa masikio. Hewa ikichafuka inasema, "Tokeni nje! Tokeni nje! Eliudi hakutoka!" Inarudia mpaka mtu wa mwisho atoke, na kitanda nacho kina namna ya kujua kama umeinuka. Utatoka, Mjomba. Utasimama nje kwenye upepo na wenzako, umejifunika blanketi, una pumzi kifuani, na kila mtu pale atakuuliza, huyu Eliudi ni nani? Utawajibu nini? Utawaambia alikuwa mlevi?

Wewe ulimwaga ugali, mimi leo nimemwaga mboga. Wasifu wa Eliudi nimeuandika upya, ni ukurasa mmoja. Chanzo cha kifo kimeandikwa: waya. Sitausoma mimi. Utausoma wewe, kaburini kwake, kwa ile sauti yako nzuri, mama akiwa amekaa kwenye kiti mbele yako. Siku utakapoumaliza bila kuruka mstari, nitapiga goti, nitakupa shikamoo yako, kisha polisi watakuchukua. Kabla ya hapo huna.

Sweta la bibi nimeliacha pale pale, kiraka kilikuwa kimeanza kufumuka nikakirudishia uzi. Koroboi nalo nimeliacha kwenye msumari wake. Utambi nimeutoa.

Lala, Mjomba. Lala kabisa, jifunike. Hewa ikichafuka nitakuamsha mimi.

Mpwa wako aliyebaki